Snoopy na kamba zake: historia ya puto kubwa la Sikukuu ya Shukrani

Swali: Mimi ni mwenyeji wa Sumbawanga, kwa sasa naishi New Jersey na familia yangu. Kila Novemba tunaangalia gwaride la New York kwenye televisheni, na mwanangu wa miaka tisa anachosubiri ni mbwa Snoopy tu. Amenibana na maswali: Snoopy alianza lini? Kwa nini kila baada ya muda anarudi na nguo nyingine? Hawezi kuponyoka akapeperuka? Nami nina langu. Nimesikia kwamba gesi inayojazwa kwenye maputo yale ni ileile iliyogunduliwa kwetu Rukwa. Ni kweli, na je, si kuifuja? Mwisho, mtoto anataka kujua kama siku moja anaweza kushika kamba.

Jibu: Dada, nianze na la mtoto. Snoopy alipita kwa mara ya kwanza katika gwaride la Macy's mwaka 1968, amevaa kofia na miwani ya rubani. Tangu hapo ametengenezwa upya mara nyingi, na hakuna mhusika mwingine wa katuni aliyepita mitaa ile mara nyingi kama yeye. Ila swali lililonifurahisha zaidi ni lile la kuponyoka, kwa sababu historia yote ya maputo haya imo humo. Watazamaji huangalia juu. Mimi humshauri kila anayetaka kuyaelewa aangalie chini, kwenye mikono ya watu. Jiji la New York lilihitaji miaka sabini kujifunza namna ya kushika puto kubwa, na baadhi ya mafunzo hayo watu waliyalipia kwa miili yao.

Gwaride lenyewe lilianza Novemba 1924, bila puto hata moja. Lilikuwa la duka kubwa la Macy's, na waliotembea walikuwa wafanyakazi wa duka, wengi wao wahamiaji waliozoea sherehe za barabarani za kwao Ulaya. Walianzia Harlem, mtaa wa 145, wakateremka hadi mtaa wa 34 dukani kwao, wakiwa na wanyama hai walioazimwa kutoka bustani ya wanyama ya Central Park. Kutembeza wanyama wa porini katikati ya jiji wakati wa baridi si jambo la kurudiwa miaka mingi. Mwaka 1927 kazi ya kutafuta mbadala wao ilimwangukia Tony Sarg.

Sarg alikuwa mchoraji na mtengenezaji wa vikaragosi vya kamba, mzaliwa wa Guatemala, baba Mjerumani na mama Mwingereza. Kikaragosi cha kawaida huning'inia, na mchezeshaji hukaa juu akivuta kamba. Sarg aliligeuza jambo hilo: kikaragosi kiwe juu, wachezeshaji wawe chini barabarani. Wazo ni hilo tu, na hadi leo halijabadilika. Kilichobadilika ni ukubwa wa kikaragosi na idadi ya mikono inayokishika. Macy's, wanaposimulia historia yao, humtaja paka wa katuni aitwaye Felix kuwa mhusika wa kwanza. Maputo yalitengenezwa Akron, Ohio, na kampuni ya matairi ya Goodyear, ambayo ilikuwa ikitengeneza pia vyombo vikubwa vya angani vya kuelea kwa gesi. Walikuwa wanaujua mpira, na walikuwa wanaijua gesi.

Sasa mwambie mwanao jambo ambalo naamini litamshangaza: mwanzoni maputo hayakuponyoka, yaliachiliwa kwa makusudi. Mwaka 1928 gwaride lilipokwisha hakuna aliyejua njia nzuri ya kuyatoa gesi yale madude, basi yakaachwa yaende zake. Yalipanda, na kadiri yalivyopanda hewa ya nje ikawa nyepesi, gesi ya ndani ikatanuka, yakapasuka. Mwaka uliofuata yaliwekewa vali za kutoa gesi polepole ili yaelee kwa siku kadhaa, na yakaandikwa anwani: atakayeokota na kurudisha atapewa zawadi ya fedha. Duka lilijua linachofanya. Tangazo lililokuwa likidumu asubuhi moja sasa lilizungumzwa wiki nzima, huku watu wa vijiji na miji ya jirani wakikodolea macho angani.

Palipo na zawadi hapakosi wajanja. Mwaka 1931 rubani mashuhuri Clarence Chamberlin alilifuata puto la nguruwe kwa ndege yake na kulinasa likiwa angani. Mwaka 1932 rubani mwanafunzi, msichana wa miaka 22, alijaribu kitu kama hicho kwa puto la paka. Kitambaa kilijiviringisha kwenye bawa, ndege ikaanza kuanguka huku inazunguka, na mwalimu wake akaweza kuirudisha sawa ikiwa imekaribia sana ardhi. Hapo mchezo wa kuachilia ukaisha. Kwangu mimi puto la gwaride kama tunavyolijua lilizaliwa siku ile. Kabla yake lilikuwa kitu cha kutupwa. Baada yake likawa kitu cha kushikwa kuanzia mwanzo wa safari hadi mwisho, kutolewa gesi, kukunjwa na kutunzwa.

Mickey Mouse aliingia mwaka 1934, Sarg akishirikiana na Walt Disney. Kisha vita vikaja. Gwaride halikufanyika 1942, 1943 wala 1944. Mpira na heliamu, gesi inayojazwa kwenye maputo, vilihitajika kwingine, na Macy's wakatoa maputo yao yayeyushwe, karibu kilo 300 za mpira. Sarg alifariki mwaka huohuo wa 1942. Gwaride lilirudi 1945, na muda si mrefu televisheni ikaanza kulipeleka majumbani kote Marekani. Jambo hilo lina uzito kwa mbwa wetu. Puto la miaka ya 1920 lililengwa kwa mtu aliyesimama chini yake. La baada ya vita lilipaswa kutambulika papo hapo kwenye kioo kidogo, tena kisicho na rangi.

Ndipo Snoopy anapoingia. Alizaliwa kwenye karatasi Oktoba 1950, siku mbili tu baada ya Charles Schulz kuanza kuchapisha katuni yake ya kila siku ya Peanuts magazetini. Mwanzo alikuwa mbwa wa kawaida wa miguu minne. Taratibu akasimama kwa miguu miwili, akaanza kuota ndoto za mchana, na Oktoba 1965 akapanda juu ya paa la kibanda chake akijiona rubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia anayepambana na adui yake, Red Baron. Hapo akapendwa kupita wenzake wote wa katuni ile, hata kumpita Charlie Brown mwenye mbwa. Macy's walipomchagua 1968 hawakuhitaji kubuni lolote. Mbwa alikuwa tayari anaruka kichwani mwake kila siku, wao walimpa anga ya kweli.

Kuhusu nguo zake, wengine husema ni biashara tu, mwenye katuni anataka kuuza kitu kipya. Biashara ipo, sikatai. Kampuni hulipia wahusika wao waingie katika gwaride lile. Lakini haielezi kwa nini yeye na si mwingine. Wahusika wengi wa katuni ni kitu kimoja maisha yao yote: ukimvua Popeye ubaharia, si Popeye tena. Snoopy ni mbwa anayejifanya mtu mwingine, na hiyo ndiyo tabia yake. Ukimvika nguo mpya unamrudisha kwenye asili yake. Mei 1969 wanaanga wa Apollo 10 walikipa jina la Snoopy chombo kilichoshuka hadi karibu kilomita 15 kutoka uso wa mwezi bila kutua, kufanya mazoezi ya safari ya Apollo 11. Novemba ya mwaka huo puto lilirudi likiwa na suti ya mwanaanga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliteleza juu ya barafu akiwa na rafiki yake Woodstock, yule ndege mdogo wa njano. Mwaka 1999 alisherehekea kuingia kwa milenia. 2006 akarudi kwenye urubani, 2019 akavaa tena suti ya anga kuadhimisha miaka 50 ya safari ya mwezini, na 2023 akaja kama skauti mwenye mkoba mgongoni.

Sehemu ya juu ya chombo kile cha Apollo 10, baada ya kazi yake, ilisukumwa mbali ikaingia kwenye mzunguko wa kulizunguka jua. Bado iko huko. Kwa hiyo mtoto akiuliza kama kuna Snoopy aliyewahi kuachiliwa, jibu ni ndiyo, mmoja.

Kuna sababu nyingine ambayo mashabiki huisahau, nayo ni umbo. Schulz alichora kwa mistari michache. Snoopy ni kichwa kikubwa cha mviringo, pua, masikio mawili na tumbo. Gesi hupenda umbo kama hilo. Puto si ngozi tupu iliyojazwa. Ndani limegawanywa vyumba vingi, ili kimoja kikipasuka vingine viendelee kubeba, na kila kiungo chembamba ni chumba kinachobeba kidogo huku kikiongeza uzito wa kitambaa. Mafundi wa Macy's, ambao karakana yao iko huko New Jersey unakoishi, huanza na michoro, wakaenda kwenye sanamu ndogo ya udongo, kisha kitambaa cha nailoni hukatwa na kuunganishwa, na rangi hupakwa puto likiwa limejaa ili isipasuke litakapotanuka. Mhusika mwenye mikono myembamba na kofia pana huwatesa. Popeye alipoanza 1957 mvua ilinyesha, kofia yake ikakusanya maji, na puto lilipoinama likawamwagia watazamaji maji ya baridi kali ya Novemba. Kofia ya Snoopy ya urubani hubana kichwa. Haina pa kuteka maji.

Mvua hata hivyo ni usumbufu tu. Adui wa kweli ni upepo, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo televisheni haionyeshi.

Mita moja ya ujazo ya heliamu hunyanyua takriban kilo moja. Puto la kawaida la gwaride lina gesi ya mita za ujazo kama 400, kwa hiyo nguvu ya kwenda juu ni karibu kilo 400, na humo utoe uzito wa kitambaa na kamba. Kwa kuzuia hilo peke yake, watu wachache wangetosha. Kwa nini basi wanahitajika 80 au 90? Ni kwa sababu ya kusukumwa ubavuni. Puto ni tanga kubwa lisiloweza kukunjwa, na upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. New York inazidisha tatizo: kwenye kila makutano, upepo uliobanwa kati ya majengo marefu hutokea mtaa wa pembeni na kulipiga puto lililokuwa limetulia sekunde moja kabla.

Mwaka 1971 upepo ulikuwa mkali hivi kwamba maputo yote yalibaki chini. Ulikuwa uamuzi sahihi, na ningependa ungekumbukwa zaidi. Maana mwaka 1997, siku yenye pepo za ghafla zilizokaribia kilomita 70 kwa saa, maputo yaliruhusiwa kupita. Puto la paka mwenye kofia ndefu lilisukumwa likagonga nguzo ya taa pembeni mwa Central Park. Kipande cha nguzo kilianguka juu ya watazamaji, watu wanne wakaumia, na mwanamke mmoja alipoteza fahamu kwa zaidi ya wiki tatu. Mengine yaliraruka njiani, na polisi wakayachoma visu ili yasilete madhara zaidi, mbele ya watoto waliokuwa wakilia.

Kanuni zilizopo leo zilitokana na siku ile. Tangu 1998 puto haliruhusiwi kuzidi urefu wa mita 21 kwenda juu, mita 24 kutoka mbele hadi nyuma, na upana wa mita 12. Upepo wa kudumu ukizidi kilomita 37 kwa saa na pepo za ghafla zikizidi 55, maputo hayaruki. Mikono ya nguzo za taa iliyotokeza njiani ilishughulikiwa. Mwaka 2005 puto jingine lilipogonga taa ya barabarani Times Square na kuwaumiza ndugu wawili wa kike, viliongezwa vipimaupepo kando ya njia yote. Sasa kila puto lina ofisa wa polisi anayefuatilia vipimo hivyo na anayeweza kuamuru lishushwe. Ndivyo ilivyokuwa 2019: upepo ulikaribia kikomo, na Snoopy wa suti mpya ya anga akapita chini kuliko kawaida, kamba zake zikiwa zimefupishwa. Wapo waliolalamika kwamba hawakumwona vizuri. Mimi niliona kazi iliyofanywa kwa akili.

Kwa hiyo jibu la "hawezi kuponyoka?" ni hili. Puto limefungwa pia kwenye magari madogo mawili yanayotembea chini yake, moja mbele na moja nyuma, hivyo hata washika kamba wote wakiachia kwa pamoja halina pa kwenda. Mbele anatembea kiongozi, tena kinyumenyume, kilomita nne nzima, ili macho yake yasiliache puto. Yeye ndiye anayesema kamba ipi irefushwe na ipi ifupishwe, upande upi usogee. Viongozi hawa hufanya mazoezi kabla ya msimu, na mwalimu wao mkubwa ni upepo wenyewe. Mwaka 2020, wakati wa korona, washika kamba waliondolewa na maputo yakavutwa na magari peke yake mbele ya kamera, bila watazamaji barabarani. Kiufundi iliwezekana. Lakini puto lililofungwa kwenye gari halichezi. Halipandi na kushuka kama linapumua. Wazo la Sarg linahitaji mikono.

Sasa la kwetu Rukwa. Gesi ni ileile, heliamu. Ila iliyomnyanyua Snoopy miaka hiyo yote haikutoka huko. Marekani imekuwa kwa miongo mingi mzalishaji mkubwa wa heliamu, inayopatikana ikiwa imechanganyika na gesi asilia, na kwa muda mrefu serikali yake iliweka akiba chini ya ardhi karibu na Amarillo, Texas. Hata hivyo si mara zote ilitosha. Mwaka 1958 heliamu ilikuwa adimu, basi maputo yakajazwa hewa ya kawaida na kuning'inizwa kwenye winchi za ujenzi zilizotembezwa barabarani.

Ugunduzi wa Rukwa ulitangazwa Juni 2016 na watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One. Makadirio yao ya sehemu moja tu ya bonde yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Kisayansi ni hadithi nzuri sana. Miamba ya kale ya Tanzania ina urani na thoriamu, ambazo kwa mamilioni ya miaka hutoa heliamu kidogo kidogo na kuifungia ndani ya mawe. Joto la volkano za Bonde la Ufa likaja kuyapasha mawe hayo na kuifungulia gesi. Chemchemi za moto mnazozijua huko zilikuwa zikitoa mapovu yenye heliamu muda wote huo. Mwanzoni mwa 2024 kisima kilichochimbwa Itumbula kiliileta gesi hiyo juu. Tofauti na ya Marekani, ya Rukwa imebebwa zaidi na naitrojeni kuliko na gesi asilia, kwa hiyo inaweza kuvunwa bila kuchimba mafuta wala gesi ya kuchoma.

Je, kuijaza kwenye mbwa ni kuifuja? Nakuwekea kipimo uamue mwenyewe. Mashine moja ya MRI ya hospitali, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, ya aina iliyozoeleka, hupozwa kwa heliamu ya kimiminika kama lita 1,500. Ikigeuka gesi, hiyo ni zaidi ya mita za ujazo 1,000, yaani ya kutosha maputo mawili au matatu. Gwaride zima basi ni sawa na mashine chache tu za hospitali, na mashine hizo zipo maelfu kwa maelfu duniani. Kwa hiyo sioni kwamba Snoopy anawanyima wagonjwa. Ila kuna tofauti moja inayonikera: hospitali huitunza gesi yake, na mashine mpya huihifadhi ndani kwa miaka. Kwenye gwaride, puto likifika mwisho hufunguliwa, watu huliminya na hata kulilalia, na gesi yote huenda hewani. Heliamu ni nyepesi mno; ikishatoka hupanda hadi ikaiacha dunia, hairudi. Ningefurahi sana kuona wakiikusanya na kuitumia tena mwaka unaofuata, na siku heliamu ya Rukwa itakapoanza kuuzwa kwa wingi, natamani wauzaji waliweke jambo hilo mezani.

Kuhusu kushika kamba: washika kamba ni wafanyakazi wa Macy's, pamoja na ndugu na marafiki zao wanaojitolea. Lazima wawe watu wazima, wenye afya, na uzito usiopungua kilo 54. Piga hesabu na mwanao: watu 90 wa kilo 54 ni karibu tani tano za nanga zenye miguu. Kwa miaka tisa aliyonayo bado kidogo. Lakini ninyi mko New Jersey, msiishie kwenye televisheni. Jumatano, siku moja kabla ya sikukuu, maputo hujazwa kwenye mitaa ya 77 na 81, pande mbili za jumba la makumbusho ya viumbe na mazingira la Marekani, na wananchi huruhusiwa kupita mchana hadi jioni, bila kiingilio. Yanalala kifudifudi chini ya nyavu na mifuko ya mchanga, karibu kiasi kwamba mtoto anaona mishono. Mfikishe mapema kabla watu hawajajaa, mvalishe makoti mawili, na muulizeni yeyote mwenye sare aliye karibu na Snoopy ana kamba ngapi. Wanapenda kuulizwa.